Gaudiosa na Njia ya Maisaka

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Gaudiosa, mke wa Mzee Pantaleo, mama yake Viola. Wengi wenu mmekula samaki wake pale sokoni Babati. Ni yule mama wa perege wa kukaanga, aliyekuwa akimfokea mteja huku anamwongezea kipande. Alizaliwa Sigino, akaolewa Maisaka. Alifariki akitafutiwa pa kutokea. Hilo Mzee Pantaleo ametuomba tuliseme mapema, maana waliopaswa kulisema wamelikalia.

Pantaleo ni mfyatua matofali. Shule aliiacha mapema, hana maneno mengi. Maneno ya nyumba ile yalikuwa ya Gaudiosa.

Miaka michache nyuma, wakubwa wa ofisi moja waliitisha mkutano Maisaka. Walileta utaratibu mpya: mwananchi aombe kwa simu, ajibiwe kwa simu. Watu wakanung'unika. Tutajibiwa lini? Si ofisi ni ileile, inayojua kunyamaza? Gaudiosa akasimama, magamba ya samaki bado yako mikononi.

"Mimi nikimuuliza Baba Viola kama ndiye amemaliza nyama, akinyamaza najua ni yeye. Na ninyi mkinyamaza mwezi mzima, tuhesabu mmekubali!"

Watu walicheka, Pantaleo akainamisha kofia usoni. Wakubwa nao walicheka, lakini waliandika. Ikawa kanuni. Ofisi isipojibu ndani ya mwezi, ombi limekubaliwa. Wakauita ubunifu. Wakaenda kuusimulia kwenye semina, wakala kuku, na jina la Gaudiosa hawakulitaja.

Halafu mwenye kiwanja cha mbele, mtu asiyeishi hapa, akazungusha seng'enge hadi juu ya njia. Nyumba ya Pantaleo ikabaki ndani. Mbele seng'enge, nyuma korongo. Pikipiki haiingii. Bajaji haiingii. Gaudiosa alivuka korongo na ndoo ya samaki kichwani, mkono mmoja umeshika majani asiteleze.

Akaomba njia ifunguliwe. Viola alimsaidia kutuma kwa simu. Mwezi ulipokaribia kwisha, ujumbe ukaingia: ombi lako linafanyiwa kazi, tunaomba muda zaidi. Gaudiosa akajibu: asante sana, Mungu awabariki.

"Unamshukuru nani?" Pantaleo akauliza.

"Mtu akikusemesha vizuri unaitikia, Baba Viola. Kwani mimi ni ng'ombe?"

Mwezi mwingine, ujumbe uleule. Asante ileile. Mvua zikaanza, korongo likawa tope tupu. Mwishowe wakaenda ofisini wote wawili, Viola akawasindikiza hadi mlangoni. Aliyewapokea anaitwa Melkiadi, kijana mpole, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Njia yetu, mwanangu?"

"Mama, mbona wewe mwenyewe umetuongezea muda? Kila tulipoomba, ulijibu. Ukijibu, mfumo unahesabu umeridhia, mwezi unaanza upya."

"Mimi nilisema asante!"

"Ndiyo, mama. Mfumo haujui asante ya heshima."

Pantaleo akaegemea meza. "Basi tukinyamaza?"

"Mkinyamaza, mzee, ombi linafutwa. Inaonekana hamna haja nalo tena."

Sikieni hapo, wasikilizaji wapendwa. Ofisi ilijua kunyamaza kutaigharimu, kwa hiyo haikunyamaza. Gaudiosa akijibu, anangoja. Asipojibu, anafutwa. Pantaleo hamlaumu sana Melkiadi. Anawalaumu walio juu yake, waliokaa wakatunga mtego huo, ambao magari yao yanaingia hadi mlangoni.

Viola anakumbuka walivyorudi. "Mama hakuzungumza njia nzima. Mama yangu! Alipofika korongoni ndipo akasema, 'Viola, wamechukua neno langu wakanifungia nalo.'"

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, kifua kilimbana. Bajaji ilifika upesi, ikasimama nje ya seng'enge. Dereva anapiga honi, Pantaleo anamwona kwa macho, na hakuna pa kupita. Majirani waling'oa mlango wa jiko, wakamlaza Gaudiosa juu yake, wakateremka naye korongoni. Tope lilifika magotini. Walianguka, wakainuka. Walipopanda upande wa pili, hakuwa anapumua.

"Nilimsemesha," anasema Pantaleo. "Nikamwambia, Mama Viola, itikia. Hakuitikia."

Siku ya mazishi, vijana wa Maisaka walizing'oa nguzo za seng'enge bila kumwomba mtu. Jeneza likatoka kwa njia ile aliyoiomba. Matanga yalipoanuliwa, nguzo zikarudi. Pantaleo akaenda ofisini peke yake. Akaambiwa ombi limefungwa kwa kuwa mwombaji amefariki. Aanze upya, kwa jina lake na namba yake ya simu.

Alisimama pale mezani. Aliulizwa namba mara mbili. Kisha akavaa kofia yake, akarudi nyumbani kupitia korongoni. Bado yuko humo ndani, wasikilizaji wapendwa. Mbele seng'enge, nyuma korongo.

Viongozi mnaotusikia, mnaojisifu kwa utaratibu mpya, nendeni mkaupite wenyewe. Vueni viatu, mteremke kule korongoni. Na wewe msikilizaji, ofisi ikikuandikia kwa upole, uliza kwanza unakubali nini.

Viola, ndugu wa Sigino, majirani mliombeba, poleni sana. Mungu ampumzishe Gaudiosa. Mzee Pantaleo, pole, baba. Tunajua mtu akipewa pole hushukuru. Sisi usitushukuru.