Kibanda cha Danstan

Benchi la Amri liko Nyakahura, kando ya barabara, mahali ambapo malori ya Ngara hupunguza mwendo kabla ya soko. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na mbele yake jiko la mkaa na dele la shaba la kuchemshia kahawa. Babu yake Amri alitoka Tanga na mzigo wa nguo akaoa hapa. Amri mwenyewe hajawahi kuiona bahari, lakini kahawa yake ni chungu kama ya waliozaliwa nayo. Alasiri hiyo ya Oktoba mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Nyamigogo, na Bonaventura alikuja akakaa bila kuomba kikombe. Wanamwita Kengele, kwa kuwa ndiye mpiga kengele wa kanisa. Mtu asiyeomba kikombe ana neno.

— Tuseme, alianza Bonaventura, mtu kasoma Biblia, kakuta sikukuu ya vibanda. Kajenga kibanda uani, kahamia humo na godoro wiki nzima, na nyumba ya bati anayo. Mtu huyo ni mzima?

— Mtu huyo ni mdogo wako Danstan, alisema Ndassa. Mtaje tu, hashtakiwi.

Ndassa ni Msukuma aliyeendesha malori mpaka magoti yakagoma. Hakuna methali asiyoijua, na hakuna aliyowahi kuiweka mahali pake.

— Mimi nilipopita pale, aliendelea Ndassa, nilidhani analinda ndizi. Nikajiuliza, huyu bwana nyani wake wanakuja mpaka uani? Nikampelekea debe la kugonga.

— Wewe ndiye uliyepeleka lile debe?

— Akiba haiozi.

Amri alicheka, akapuliza mkaa.

— Kengele, hebu tueleze sisi tusio wa huko. Wanakaa humo kwa nini?

— Waisraeli walikaa vibandani jangwani. Baadaye, kila wakimaliza kuvuna, wakawa wanakumbuka kwa furaha. Lakini hayo ni ya kale, Amri. Kristo amekwisha kuja. Ile ilikuwa kivuli tu.

— Na kwa jua la hapa, kivuli kina ubaya gani?

Bonaventura alivua kofia yake. Ndassa akaona nafasi, akaingia.

— Ubaya ni msimu. Umesema wakimaliza kuvuna. Oktoba hii nani kavuna? Ghala langu lina panya tu, nao wamekonda. Kule wanavuna, huku tunapanda. Danstan anasherehekea mahindi ambayo bado ni mbegu. Kama angefuata mvua za Nyakahura, kibanda hicho angekijenga Julai.

— Hapo umesema, alikiri Bonaventura.

— Basi sikukuu zote zimekaa vibaya. Krismasi ya hapa ilitakiwa iwe Juni. Ndiyo maana Desemba inanyesha vile. Mbingu zinadai Juni yao.

— Sasa umeanza, alisema Amri. Sisi tunafuata mwezi, na mfungo unazunguka. Nimefunga kwenye mvua, nimefunga kwenye kiangazi. Hakuna msimu unaojidai kuwa ndio wa Mungu.

— Umeona? Ni kama tairi. Ukiyazungusha, la mbele nyuma, la nyuma mbele, yanalika sawasawa. Wakristo wamefunga Krismasi tairi la mbele tangu zamani, ndiyo maana linapiga kelele kuliko mengine. Haraka haraka haina baraka.

Kwa kawaida Bonaventura angecheka. Alikuwa akizungusha kofia yake mikononi.

— Krismasi hakuja, alisema mwishowe. Nilichinja beberu. Mke wangu Bernadetha alipika pilau tangu alfajiri, tukamwekea mdogo wangu kiti. Akatuma neno kwamba Krismasi haioni kwenye Maandiko. Tangu siku hiyo hatujala pamoja. Asubuhi kamtuma mkewe Irine: kaka aje ale kibandani, leo ni siku ya mwisho, kesho anakibomoa. Sasa niambieni. Nikienda, si nitakuwa nimekiri kwamba pilau langu lilikuwa bure?

— Usiende, alisema Ndassa. Dawa ya moto ni moto.

— Au uende usile, alisema Amri.

— Au ale amesimama. Ukila umesimama hujashiriki, hiyo ni sheria ya madereva. Unakula kwa mama ntilie huku injini inanguruma, nani atasema ulikuwa mgeni wake?

— Pasaka ya kwanza waliambiwa wale hivyohivyo, Ndassa. Viatu mguuni, fimbo mkononi. Na ilikuwa sikukuu.

— Basi ale amechuchumaa.

Mwanamke mmoja mzee alikuwa ametua beseni la viazi vitamu pembeni ya jiko. Walimwamkia, naye akaitikia marahaba na kujitaja: Kankindi, mjane kutoka Ngara, amekuja kumuuguza binti yake aliyejifungua. Aliomba kikombe, akakishika kwa mikono miwili na kumtazama Bonaventura juu ya mvuke.

— Huyo mdogo wako, aliuliza, wiki yote hii amekula na nani humo?

Bonaventura alimtazama Ndassa. Ndassa alilitazama dele. Watoto wa Danstan wako bweni, Biharamulo mjini. Irine alikataa kulala na siafu tangu mwanzo. Na Bonaventura, akienda kupiga kengele ya asubuhi, alikuwa akimwona mtu mmoja na sahani moja mlangoni pa majani, akajitia anaangalia barabara.

Amri alimtengea Bonaventura kikombe ambacho hakukiomba, akainamisha dele juu yake. Likatoa nusu, likakauka.

— Imekwisha.

— Pika nyingine, alisema Bonaventura akivaa kofia. Ulibebe na jiko. Mama Kankindi, viazi vyako vimeiva?

— Vimeiva.

— Basi twende wote.

Kibanda kilikuwa cha majani ya migomba, na mbuzi walikuwa wamekwisha kula ukuta mmoja. Danstan alikuwa amekaa mbele ya sufuria kubwa mno kwa mtu mmoja. Alipoona msafara, moshi wa mkaa ukitangulia, alisimama na kupiga kichwa kwenye dari.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba. Umekonda. Huyu ni Mama Kankindi, mjane kutoka Ngara.

Danstan aliuchukua mkeka akautandika. Akachukua debe la Ndassa, akalifuta kwa shati lake, akaligeuza, akamkaribisha Kankindi alikalie.

— Mgeni, mjane, jirani, alisema akiwatazama mmoja mmoja. Vile vile ilivyoandikwa. Maandiko nilikuwa nayo. Watu ndio nilikosa.

Irine alitoka nyumbani na sahani, siafu akiwa amewasahau.

— Lakini Danstan, alisema Ndassa akimenya kiazi, sikukuu ya mavuno na ghala tupu, imekaaje?

— Hata mimi nilijiuliza, usiku wa kwanza. Halafu nikaona: wale wa jangwani nao hawakuwa na ghala. Kushukuru ukiwa umevuna, hata panya anaweza.

Bonaventura alitafuna polepole. Maharage yalikuwa yamezidi chumvi kidogo, kama alivyokuwa akiyapika mama yao.

— Desemba nachinja tena, alisema.

Danstan alikoroga sufuria.

— Tarehe siikubali, kaka. Pilau nitakuja.

— Pilau halijawahi kuuliza tarehe.

Ndipo mvua ya kwanza ya msimu ikafika. Matone yalipenya majani ya migomba, yakaangukia kofia, sahani, mkaa uliolia shii. Hakuna aliyekimbilia kwenye bati. Ndassa alikiangalia kikombe chake, alichokwisha kukimaliza, kikianza kujaa tena tone kwa tone.

— Haba na haba, alisema, hujaza kibaba.

Bonaventura alifungua mdomo kumsahihisha kama kawaida. Akaifikiria methali hiyo huku na huku, akakosa kosa, akanyoosha kikombe chake naye.