'Malineo Puseletso Mofoka, Mwalimu wa Vipeo (1979–2019)

Kinachomwamsha Ntate Khauta Mofoka usiku siku hizi ni ukimya. Kwa karibu miaka kumi na minne alilala akisikia vali, kilango cha chuma cha moyo, ikigonga kifuani mwa mkewe kama saa ndogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979, Ha Motlatsane, Mokhotlong. Akiwa darasa la tatu, homa ya viungo ilimlaza majira yote ya baridi. Homa ikaondoka, lakini ilikuwa imeshauharibu moyo.

Alihitimu ualimu Maseru mwaka 2001, akaolewa na Ntate Khauta Desemba hiyohiyo. Lineo alizaliwa 2003. Mei 2005, Bloemfontein, aliwekewa vali ile, na tangu hapo alimeza vidonge vya kuzuia damu kuganda.

Alifundisha hesabu. Wanafunzi walimtania, "Madam, kwako hatuwezi kuibia mtihani, tunakusikia ukija!" Vipeo alivifundisha kwa damu yake mwenyewe: "Mashine ya kliniki inahesabu sekunde damu yangu inazochukua kuganda, inagawanya kwa sekunde za mtu asiyemeza dawa, halafu jibu inalipandisha kwa kipeo. Kila boksi la vijiti vya kupimia damu lina kipeo chake, maana kemikali hazilingani ukali. Ndiyo maana namba yangu hapa na Bloemfontein ni moja."

Januari mwaka huu mashine ilisoma 4.9. Namba yake ilitakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Akaambiwa damu imekuwa nyepesi mno, apunguze vidonge, ale mboga za majani kwa wingi, maana husaidia damu kuganda. Moroho, mboga hiyohiyo aliyokuwa akijipimia kwa kijiko miaka yote! Alirudi akicheka: "Baba Lineo, leo nimeandikiwa moroho kliniki!" Ntate Khauta akaichuma na kuipika mwenyewe, asubuhi na jioni. Kipimo cha pili bado kilikuwa juu. Vidonge vikapunguzwa tena.

Jumapili tarehe 10 Februari mkono wake wa kulia ulilegea mezani, maneno yakamkatika. Donge la damu lilikuwa limetoka kwenye vali na kupanda kichwani. Maabara ya hospitali ilipata 1.4. Alifariki Jumanne alfajiri.

Watu wamesema aliacha dawa. Familia inaomba isikike hapa: hakuacha. Muuguzi wa kliniki alikuja msibani, akaketi mkekani mbele ya Ntate Khauta.

"Ntate, tulifungua boksi jipya, kadi ya kipeo mashineni ikabaki ya boksi la zamani. Kile kipeo kilikuwa kikubwa zaidi. Damu yake ilikuwa sawa, namba ndiyo haikuwa sawa."

"Na moroho niliyokuwa nampikia?"

"Ulifanya nilivyoagiza."

"Basi usinifariji, mwanangu. Kila sahani alikuwa ananishukuru."

Ameacha mume, binti yake Lineo, mama yake mzazi, na wanafunzi wa miaka kumi na mitano. Mungu ampokee, ampe pumziko.

Analazwa leo, Jumamosi tarehe 23 Februari 2019, makaburi ya Ha Motlatsane, mstari wa juu, kando ya baba yake.