Mkono wa Brashi Umegoma

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali manne, nje ya duka la kinyozi, na mimi ndiye mwenye birika la kahawa. Kinyozi tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Karibu yake hukaa Soli, fundi viatu, halafu Mama Breki, anayetengeneza baiskeli. Wa nne ni baba yangu mdogo, Brashi, aliyekuwa fundi rangi mpaka alipoanguka kutoka kwenye ngazi. Sasa hana kinachosogea mikononi ila vidole viwili vya kushoto. Niliacha shule kidato cha pili nikawa mikono yake. Siku kumi na tisa zilizopita, hospitali ilimfungia mkono wa mashine kwenye kiti chake cha magurudumu, aujaribu mwezi mmoja. Anauendesha kwa kijiti kidogo, na kioo chake kinahesabu kila kazi unayofanya. Ukitumika, unabaki kwake, nami narudi darasani. Usipotumika, anapewa mgonjwa mwingine. Asubuhi nilikisoma kile kioo: kumi na moja. Na leo fundi wa hospitali anakuja kukagua.

— Kumi na moja kwa siku kumi na tisa! — Redio alisema. — Huo mkono umegoma.

— Mkono mtupu haulambwi, — Soli akajibu. — Mmeulisha nini?

— Unakula umeme, Soli.

— Umeme nao chakula? Hata mimi ukinilisha umeme nitagoma.

Huku akisema hivyo, alitoa leso akamfuta Brashi jasho usoni.

— Mimi naona... — Brashi akaanza.

— Kunywa kwanza, ingali moto, — Redio akamkatiza, akamwekea kikombe mdomoni. Brashi akameza. Machozi yakamlengalenga.

— Acheni zenu, — alisema Mama Breki. — Huo ni ugeni tu. Umetoka kiwandani, kengele ikilia watu wanakimbilia kazi. Hapa umekuta watu wamekaa tangu asubuhi. Umedhani ni mapumziko.

— Basi upigie kengele, — Redio alisema.

Mama Breki akachomoa kengele ya baiskeli mfukoni mwa aproni, akaipiga mara tatu sikioni mwa ule mkono, kama una sikio. Haukutikisika. Nikaona vidole viwili vya Brashi vikitambaa kuelekea kwenye kijiti. Mama Breki naye aliviona. Akavishika kwa upole, akavirudisha mapajani.

— Pumzika, kaka, usijichoshe. Hili tuachie sisi.

— Mimi nimelijua tatizo, — Soli alisema, sauti ikashuka. — Ni mapenzi. Ulitengenezwa na mwenzake, meza moja. Huyu kaletwa huku, yule kapelekwa kwenye kiti cha mtu mwingine. Mapenzi kikohozi, jamani.

— Mbona haukohoi?

— Umekosa kifua, Redio! Ungekuwa na kifua ungesikia.

— Basi chanda chema huvikwa pete. Tuuvike pete, utulie.

— Kidole kipi? Viko vitatu na vyote vinafanana.

Wakainama wote watatu kuchagua kidole. Brashi akakunja pua. Kabla hajasema neno, Redio alishamkuna.

Ndipo akatokea mwanamke kijana mwenye begi begani. Nilimtambua, nikasimama.

— Hamjambo.

— Hatujambo, fundi, karibu! — Soli alisema. — Ila huyu mgeni wako! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa kumi na tisa, jembe hata kuligusa hajaligusa.

Fundi alicheka, akachuchumaa kusoma kioo. Alibonyeza hapa na pale. Mkono ukajikunjua, ukafungua vidole, ukafunga.

— Mzima kabisa, — alisema. — Lakini hizi kumi na moja zote ni za siku ya kwanza, nilipokuwa nimesimama naye. Tangu hapo hakuna hata moja.

Akainua kichwa. Akatazama kikombe mkononi mwa Redio, leso mkononi mwa Soli, na kiganja cha Mama Breki juu ya vile vidole viwili.

— Mara ya mwisho ameshika kikombe mwenyewe lini?

Redio akazimika. Sijawahi kuona. Soli alitazama viatu vya watu. Nami nilitaka kujibu, nikakumbuka kwamba asubuhi ile ile nilimlisha kwa kijiko na kumpigisha mswaki, na ule mkono umejikunja ubavuni mwake kama mwavuli siku ya jua.

— Kalieni mikono yenu, — Brashi alisema. — Wote. Na wewe, mwanangu.

Nilimimina kwanza. Kilitoka kikombe kimoja, birika likaisha. Nikakiweka kwenye kimeza cha kiti chake, nikakalia mikono yangu kama wenzangu.

Mkono ulikwenda polepole, ukapita kikombe, ukarudi. Ukakishika. Ulipokiinua kiliinama, kahawa ikamwagikia suruali yake. Soli akainuka nusu, Mama Breki akamvuta shati kwa meno, maana mikono alikuwa ameikalia. Kikombe kikasimama hewani. Kikasogea tena, kidogo, kidogo, mpaka kikagusa mdomo. Kufika hapo mvuke ulishakwisha.

Brashi akanywa yote iliyobaki. Kwenye kioo ikasomeka kumi na mbili.

— Imepoa, — alisema.

— Pole sana, kaka! — Redio aliruka. — Ngoja tu...

— Kaa, Redio. Miaka miwili mnaniunguza ulimi. Mimi kahawa naipenda ikishapoa.