Vyuma Visingoje: Kumkumbuka Fundi Wakoli wa Manyatta

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, aliye shambani aegemee jembe kidogo. Leo tunamkumbuka Wakoli Wepukhulu, fundi wa injini wa Manyatta, Kisumu. Alifariki wiki jana, mwaka huu wa 1996, kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Wakoli Wepukhulu, fundi wa injini, Manyatta.

Alizaliwa upande wa Kimilili, akaja Kisumu kutafuta kazi, akabaki. Mkewe, Mama Metrine, anasema watu walimjua kwa ukucha. Ukucha wa kidole gumba cha kulia aliuacha mrefu, hata walipomcheka kanisani. Ulikuwa kipimo chake.

Mwaka 1987, mwezi wa tatu, aliletewa pikapu ya Pijo 404 ikivutwa kwa kamba kutoka Luanda Kotieno, kando ya ziwa. Mwenye gari alikuwa Dorca Amolo, muuza samaki. Siku za kawaida gari lilibeba omena. Mtu akizidiwa pale ufukweni, magunia yalishushwa, godoro likawekwa, akapelekwa hospitali. Halikuwepo gari lingine la kutegemea. Na binti ya Dorca, Adero, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Uzazi wa kwanza ulimtoa damu karibu afe. Mkunga alikuwa amemwambia Dorca waziwazi: huyu wa pili asizaliwe hapa, azaliwe hospitali.

Kwa hiyo Wakoli alijua anachoshika.

Alimwaga oili kwenye sufuria kuukuu, akaitazama juani. Ilimetameta kama magamba ya samaki. Akajua chuma kimeliwa ndani. Akafungua kichwa cha injini, akashusha pistoni moja moja, akazipanga juu ya gunia jinsi zilivyotoka. Nati akazitia katika mikebe ya mafuta ya kupikia, kila mkebe na mahali pake. Mwisho akaitoa krankshafti, kile chuma kirefu kilichopindapinda ambacho pistoni zote hukizungusha. Akapitisha ukucha. Ukucha ukakwama kwenye mikwaruzo. Ilikuwa imeshachongwa mara nyingi, haikubaki nyama ya kuchonga tena.

Miaka ile, wasikilizaji, spea ya gari kuukuu ilikuwa kama mvua ya Januari. Wakoli alizunguka maduka ya Kisumu, akaenda Kakamega, akaenda hadi Busia. Hakuna. Ndipo mteja mmoja akamwambia kuna 404 imelala Pap Onditi, bomani kwa marehemu Mwalimu Ogola.

Aliikuta juu ya mawe, boneti wazi, kuku wametaga ndani. Mjane wa mwalimu, Mama Seline, alimpa kiti. Ndugu wa marehemu, Mzee Absalom, akamtazama huyu mgeni kutoka upande wa Waluhya akiinama kati ya kuku.

"Jamwa," akamwuliza, yaani mtu asiye Mjaluo, "wewe umefuata injini ama umefuata kuku?"

Boma lote likacheka. Wakoli naye akacheka. Akalala chini ya gari, akafungua injini kwa chini, akapitisha ukucha. Ukateleza kama kwenye kioo. Mwalimu alikuwa akiendesha kwenda shule na kanisani tu. Chuma hakikuwa kimeguswa.

Akaomba kukinunua. Hapo kicheko kikaisha. Mzee Absalom alimweleza kwa upole kwamba mali ya marehemu haijagawanywa. Kwa Wajaluo mgao huo huitwa keyo nyinyo, na nyinyo maana yake ni chuma. Hakuna anayegusa kabla ya siku hiyo, na siku hiyo haifanyiki mwana wa kwanza akiwa mbali. Mwana wa kwanza ni Walter, na Walter alikuwa kazini Mombasa. Barua iliandikwa. Jibu likaja: nitapata likizo mwezi wa nane.

Mwezi wa nane, wasikilizaji wapendwa. Adero alitazamiwa mwezi wa saba.

Wakoli alirudi Pap Onditi mara tatu. Mara ya pili alibeba sukari. Mara ya tatu alimleta Dorca mwenyewe. Mama Seline alilia pamoja na Dorca, lakini akasema hawezi kumgawa mume wake peke yake. Siku hiyo, Wakoli akitoka, mtu mmoja wa boma alimfuata njiani. Akasema anaweza kukitoa kile chuma Jumapili, watu wakiwa kanisani. Wakoli alikataa. Alimwambia yeye ni mgeni katika nchi ya watu, na hawezi kumwibia maiti.

Adero alikuwa akimtania kila alipokuja mjini na samaki. "Fundi, huyu mtoto atatembea kwa miguu yake aje kukusaidia kufunga hizo nati."

Uchungu ulimshika tarehe kumi na tisa Julai, baada ya chakula cha mchana. Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda cha kamba. Gari moja liliwapita likiwa limejaa mbao, halikusimama. Hawakufika zahanati. Walizikwa wawili, Adero na mtoto. Narudia, walizikwa wawili.

Walter alifika mwezi wa nane, tarehe nne. Aliposikia habari hakusubiri hata chai. Wazee walikaa, mgao ukafanyika, na kitu cha kwanza kutajwa kilikuwa krankshafti. Mama Seline mwenyewe aliwafukuza kuku, akayatoa mayai kwenye injini, akayashika katika leso hadi fundi alipomaliza kufungua.

Kwa siku nne Wakoli alifunga injini ya Dorca. Kila pistoni ilirudi mahali pake, kila nati ikatoka kwenye mkebe wake. Iliwaka mara ya kwanza. Dorca alilizunguka gari, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Inalia vizuri, Fundi," akasema. "Imechelewa tu."

Mama Metrine anasema tangu siku ile mumewe alianza kuweka sanduku la bati chini ya kitanda. Kila gari bovu alilolifungua, alichagua kipande kizima, akakipaka grisi, akakifunga kwa gazeti. Vipande hivyo havikuwa vya kuuza. Vilikuwa vya gari lolote linalobeba wagonjwa. Juu ya kifuniko alichonga kwa patasi: ADERO.

"Alikuwa ananiuliza," anasema Mama Metrine. "Mwaka baada ya mwaka. 'Mama, nilifanya vizuri kungoja?' Mimi nilimwambia ukweli, sijui."

Wiki jana, Wakoli akiwa bado mochari, wazee walikuwa wamekusanyika Manyatta kupanga safari ya Kimilili. Akaingia fundi kutoka Ahero, kofia mkononi. Gari la zahanati limekwama, bearingi imekwisha, hakuna duka lenye saizi ile. Kaka wa marehemu, Mzee Wanyonyi, alimwambia arudi baada ya mazishi. Mali ya mtu haifunguliwi kabla hajazikwa.

Mama Metrine alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka, kitambaa cha msiba kichwani. Aliinuka, akaingia ndani, akaliburuta sanduku hadi mlangoni.

"Shemeji," akamwambia Mzee Wanyonyi, "aliniambia vyuma vyake visingoje. Nishikie kifuniko."

Mzee Wanyonyi alitazama yale maandishi kwa muda. Kisha akapiga magoti, akashika kifuniko. Bearingi ilipatikana katika gazeti la tano walilolifungua. Gari la zahanati liliwaka siku hiyohiyo, na Wakoli mwenyewe bado alikuwa mochari.

Tunampa pole Mama Metrine na watoto. Pole Mzee Wanyonyi na ukoo wote wa Kimilili. Pole Mama Dorca wa Luanda Kotieno, tunajua leo umelizwa mara mbili. Na wewe, Mama Seline wa Pap Onditi, kama unatusikia, pole pia, kwa sababu uliubeba mzigo huu bila kuuomba.

Desturi zetu ni zetu, wasikilizaji wapendwa, na wazee waliziweka kwa sababu. Lakini redio ikizimwa, toka nje kidogo. Zunguka boma lako polepole. Tazama ni nini kimelala pale chini ya kuku, na ujiulize nani anakingoja.