Sahani Zilizorudi Zimejaa: Tunamkumbuka Basile Ndihokubwayo

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya neno lolote naapa: leo hamtasikia hata chembe ya uongo katika kipindi hiki. Najua mnavyosema huko Mulongwe na Kavimvira, kwamba mzee Venant akitangaza mvua inanyesha, mtu atoe kwanza mkono dirishani. Leo acheni mikono yenu ndani. Nimeshika Biblia ya Délice, fundi wetu wa mitambo, na Délice mwenyewe ni shahidi.

Tunamkumbuka Basile Ndihokubwayo. Basile Ndihokubwayo, mwana wa kijiji cha Nyakabere, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka sabini na mmoja. Ameacha mjane, mama Inamahoro, na watoto watano. Wengi wenu hamkumjua kwa jina hilo. Mlimjua kama Mzee Ndege.

Jina la Mzee Ndege alilipata wakati wa vita. Turudi mwaka elfu mbili. Bonde la Ruzizi lilikuwa halilimiki: mtu anapanda mihogo, mwenye bunduki anavuna. Basile na familia yake walikimbilia mjini Uvira, wakapanga chumba kimoja Mulongwe. Aliishi nao dada yake mkubwa, Spès, ambaye mume wake aliuawa njiani akitoka Luvungi. Walikuwa watu wanane katika chumba kimoja. Walikula bugali mkavu. Siku ya kupata sombe, majani ya mihogo, ilikuwa Noeli.

Basi jioni moja watoto wakaukataa ule bugali mkavu. Basile akakohoa kidogo, akasema: “Kwenye ndege ya bluu, wanangu, hamungepewa hata huu.” Akaanza kulinganisha. Kulikuwa na kampuni mbili, wasikilizaji wapendwa, zilizotua Bujumbura zikitoka Ulaya, safari ya usiku kucha. Moja ilikuwa na mkia mwekundu, nyingine mkia wa bluu. Nyekundu, alisema Basile, ilikuwa na vijiko vya chuma. Ya bluu ilikuwa na vijiko vya plastiki vinavyovunjika kwenye nyama. Nyekundu ilitoa blanketi zito kama la askofu. Ya bluu ilitoa kitambaa ambacho ukifunika miguu, kifua kinalia. Nyekundu ilileta kuku katika mchuzi mweupe, mkate mdogo wa mviringo, jibini, keki, na taulo ya moto iliyoviringishwa vizuri hivi kwamba bwana mmoja wa Kalundu alidhani ni kwanga, mkate wa mihogo, akaing'ata.

Watoto walicheka. Walipocheka walimeza. Bugali ukaisha.

Kesho yake majirani walikuja, kila mmoja na bugali wake kwenye sahani. Wakati ule wa njaa, mdomo wa Basile ndio uliokuwa kitoweo cha mtaa mzima. Na kila aliyepata jamaa wa kumwita Ulaya au Amerika alipita kwanza kwa Mzee Ndege kuuliza apande ndege ipi. Muntu aliyesafiri, walisema, iko pale Mulongwe.

Sasa sikieni vizuri, kwa maana hapa ndipo aibu inapoanza. Basile Ndihokubwayo hakuwahi kupanda ndege. Narudia, hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi Bujumbura, katika jiko lililopikia ndege, na kazi yake ilikuwa kuosha sahani; nyumbani walijua tu kwamba anafanya kazi ya ndege. Ndege ikitua, masinia ya wasafiri yalishushwa, yakaletwa mbele yake. Alichojua kuhusu huduma za angani alikisoma kwenye mabaki.

Naye aliyasoma kwa bidii. Masinia ya ndege ya bluu yalirudi yamelambwa, hakuna hata punje. Masinia ya nyekundu yalirudi yamejaa: nusu ya kuku, mkate mzima, keki iliyoumwa mara moja. Basile alilelewa Nyakabere, na nyinyi mnajua tulivyolelewa. Mgeni mwenye adabu husaza. Ukimaliza sahani ya watu mpaka chini, umemtangaza mwenyeji kuwa ni mchoyo na watoto wake umewanyima makombo. Kwa hiyo Basile alihesabu hivi: wa bluu wanawanyima watu mpaka watu wanalamba, wa nyekundu wanawashibisha mpaka watu wanashindwa. Nyekundu ni bora. Alikuwa na uhakika kama alivyokuwa na uhakika wa jina lake.

Mwaka elfu mbili na moja, barua ikafika kupitia parokia. Ilikuwa ya Bertrand, mtoto wa Spès, aliyekuwa Montréal. Makaratasi ya mama yake yamekamilika. Kuna kampuni mbili, bei ni ileile, mama achague, ajibu kabla ya Ijumaa. Spès alikuwa na miaka sitini na miwili. Hakujua Kifaransa, wala hakuwahi kuvuka zaidi ya Bujumbura. Angesafiri peke yake. Alichukua barua, akakaa barazani mbele ya mdogo wake, wao wawili tu, akamwomba amwambie nyekundu au bluu.

Mjane wake, mama Inamahoro, aliniambia juzi kwamba hakumbuki kumwona mumewe akitokwa jasho kama siku ile. Alikuwa ndani, anachambua mchele, akamwona kupitia mlangoni. Kudanganya majirani ili wameze bugali ni jambo moja. Huyu alikuwa dada aliyembeba mgongoni. Neno lilikuwa mdomoni: minye niliosha masahani tu. Lakini nje pale watu walikuwa wanapita wakimsalimu, Mzee Ndege, Mzee Ndege, na jina lile lilikuwa kitu pekee ambacho vita havijamnyang'anya. Basi Basile akasema: “Nyekundu. Na pale utakapobadilisha ndege, dada, usihangaike. Kaa kwenye kiti. Watakuja wenyewe kukuchukua.”

Spès alipanda nyekundu. Huko Ulaya, mahali pa kubadilisha ndege, alikaa kwenye kiti kama alivyoambiwa. Watu walipita. Majina yaliitwa kwa lugha asizozijua. Ndege yake ikaondoka. Alikaa. Hakuna aliyekuja. Alikaa siku mbili, wasikilizaji wapendwa. Siku mbili kwenye kiti kimoja, na mfuko wake mapajani, mpaka mwanamke mmoja wa usafi, Mkongo wa Bukavu, alipomsikia akisali Rozari kwa Kiswahili. Alifika Montréal miguu imevimba, na mguu wa kushoto haukurudi kuwa mguu wake. Anatembea na fimbo hadi leo.

Tangu habari ile ifike Mulongwe, Basile hakusimulia tena. Ukimwita Mzee Ndege hakuitika. “Ndege ikipita juu ya ziwa,” anasema mama Inamahoro, “aliingia ndani, hata kama alikuwa na sahani mkononi.” Vita vilipopungua alirudi Nyakabere, akalima mpunga, akazeeka kimya. Kila Pasaka alimpigia dada yake simu kumwomba msamaha. Kila Pasaka, miaka kumi na minane. Huyo ndiye Basile Ndihokubwayo, mtu mwema aliyeshindwa kusema hajui, na ulimi wake ukamponza dada yake. Tujifunze…

Samahani, wasikilizaji. Délice ananionyesha simu. Kuna msikilizaji anayetufuata kwa internet, kutoka Montréal. Haya, mama, uko hewani.

“Venant. Minye ni Spès.”

Mama Bertrand. Pole sana, mama. Pole kwa msiba. Tulikuwa tunamsifu mdogo wako.

“Nimesikia. Umesema barazani tulikuwa wawili.”

Ndiyo, mama.

“Tulikuwaka batatu.”

Mama, pengine baada ya kipindi tungeweza…

“Hapana. Umesema hewani, tutamaliza hewani. Weye ulikuwa umekaa kwenye bidon ya njano ya maji, unakula karanga zetu. Minye nikamuuliza Basile. Basile akafungua mdomo, akasema: minye sijue, dada, minye nilioshaka masahani tu. Alisema, Venant. Minye nilisikia. Inamahoro alisikia. Na weye ukacheka, ukamupiga begani, ukasema: usimusikilize, Mama Bertrand, mukubwa anajinyenyekeza, panda nyekundu, ukifika ukae kwenye kiti, batakuja kukuchukua. Ni nani alisema hivyo?”

Wasikilizaji wapendwa, laini imekuwa na…

“Laini iko muzuri. Nani?”

Ni mimi, mama.

“Na Mzee Ndege, nani alimupa hilo jina?”

Mimi.

“Na bwana wa Kalundu mwenye kung'ata taulo?”

Mimi. Basile hakuwahi kusema taulo.

“Sasa sikiliza. Kuku wa nyekundu nilimuonja. Ndipo nikaelewa sababu masahani zilikuwa zinarudi zimejaa, na nikacheka peke yangu kule juu, nikasema, mdogo wangu masikini, aliona adabu, kumbe ni chakula kibaya. Hiyo ilikuwa kosa lake, na ni kosa la mutoto aliyelelewa vizuri. Lakini kiti ni yako. Nilikaa pale siku mbili sababu ya neno yako. Niliogopa kwenda choo, batakuja banikose. Nilijikojolea, Venant. Mama mwenye wajukuu wanne. Nilikunja kitenge hivi, batu basione. Na Basile akaniomba musamaha miaka yote hii. Nikamwambia, si weye. Akasema: nilisema mara moja tu, dada, nikanyamaza, kule kunyamaza ni kwangu. Akakataa nikutaje. Sasa amekufa, na weye unamubebesha tena mbele ya Uvira yote.”

Mama, unataka nifanye nini?

“Sema jina yako. Polepole. Redio yenu iko na makelele.”

Wasikilizaji wapendwa. Naitwa Venant. Naitwa Venant, karani wa posta mstaafu, msimulizi wenu wa kila Jumapili. Mwaka elfu mbili na moja, barazani Mulongwe, Basile Ndihokubwayo alisema hajui. Basile Ndihokubwayo alisema aliosha sahani tu. Ni mimi niliyesema nyekundu. Ni mimi niliyesema akae kwenye kiti. Nilisema kwa sababu kila jioni watu walikuwa wanakuja kusikiliza pale barazani, na sikutaka hadithi iishe. Habari ya siku mbili ilipofika, nilimwachia Basile lawama.

“Jumamosi ni siku ya kuondoa kilio, kumaliza matanga, Nyakabere. Utasimama mbele ya batu na uiseme tena hivyo. Bila redio. Watoto wake bakuone uso.”

Nitakwenda, mama.

“Na usiongeze kitu.”

Sitaongeza.

Amekata simu.

Délice amechukua Biblia yake, wasikilizaji wapendwa, na simlaumu. Kwa mama Inamahoro, kwa mama Spès, kwa Bertrand, kwa watoto watano wa Basile, natoa rambirambi, na ombi la msamaha ambalo nilipaswa kumpa Basile zamani, alipokuwa bado anaweza kulisikia. Nanyi mnaonisikiliza, fikirini kama kuna mtu mahali fulani anayebeba neno lililotoka mdomoni mwenu. Mkimpata, nendeni mkalichukue angali hai. Mimi nimechelewa kwa siku tano na miaka kumi na minane.

Délice, weka wimbo. Lakini kwanza niacheni nirudie, kwa waliofungua redio sasa hivi. Basile alisema hajui. Aliyesema nyekundu ni Venant.