Maisha ya Mama Rangi, Aliyetufungulia Mlango wa Nyuma wa Makumbusho

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutushika mkono, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Rangi, nami nitajitahidi kusoma bila kukatizwa na machozi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda shughuli inayochelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu, fundi seremala, na mama yetu, fundi cherehani, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa karakana ya wote wawili, upande mmoja maranda ya mbao, upande wa pili vipande vya vitambaa, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alijifunza kusimama kwa kushikilia mguu wa cherehani. Kabla hata hajaanza shule alikuwa ameshahamisha vyombo vya nyumba ile mara nyingi kiasi kwamba baba, akirudi kutoka kupeleka kazi kwa wateja, alisimama kizingitini na kuuliza, "Haya, leo nakaa wapi?", naye dada alimshika mkono na kumpeleka mahali papya kiti chake kilipo, bila kucheka, kama mtu aliye kazini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, ambako alama zake za hesabu zilikuwa za kujikongoja na za uchoraji zilikuwa za juu, na alipomaliza baba alimwita akamwambia, "Uuguzi au ualimu, mwanangu, chagua," naye akajibu kwa adabu, "Nimeshachagua, baba, ila nilichochagua bado hujakitaja." Baada ya siku kadhaa baba akamtengenezea ubao wa kuchorea, na mwaka 1976 dada akajiunga na chuo cha usanifu, akahitimu mwishoni mwa 1979.

Tarehe 1 Februari 1980 aliajiriwa katika makumbusho ya sanaa, akaanzia chumba cha fremu, kule chini kunakonukia gundi na vumbi la mbao, na miaka minne baadaye akapewa kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu, ya kusanifu kumbi za maonyesho, yaani kuamua ukuta uwe wa rangi gani, picha ikae juu kiasi gani, taa iangukie wapi, na mtu aliyechoka akute benchi mahali gani. Jina la Mama Rangi alipewa na wapaka rangi, kwa sababu hakukubali kamwe kuchagua rangi akiwa ofisini, bali alipaka kipande cha ubao, akakibeba kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, akakitazama asubuhi, akakitazama mchana, akakitazama jua likishuka, na wenzake wanakiri kwamba ilipokaribia siku ya ufunguzi walikuwa wakimficha brashi ili asije akabadilisha mawazo tena.

Alikuwa mkaidi, hilo nalisema mbele yake na asingenikatalia, lakini ukaidi wake ulikuwa na macho, maana mwaka 1983, akiwa bado kijana pale kazini, alimwona mama mmoja akimzungusha binti yake aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu kuzunguka meza ya vioo iliyowekwa vinyago vidogo, binti akinyoosha shingo asione kitu zaidi ya ukingo wa meza, mpaka mama akamwambia, "Twende tu, hakuna cha maana." Dada hakumweleza mtu yeyote, alishuka chini, akaomba msumeno, na kesho yake msimamizi wa maonyesho alikuta meza zote za ukumbi ule zimekatwa miguu, akafoka kwa haki yake, kisha akaagizwa na dada akae kwenye kiti cha karani na kutazama, akakaa, akatazama, na tangu siku hiyo hakuna kitu kilichowekwa katika makumbusho yale kabla hakijatazamwa na mtu aliyekaa.

Ni huko huko kazini alikokutana na fundi umeme aliyekuwa juu ya ngazi akifunga taa, akamwambia, "Kaka, hiyo taa inampofua yule bibi wa kwenye picha," na fundi akajibu bila kugeuka, "Hajalalamika," nao wakabishana juu ya taa ile mpaka wakazoeana, wakafunga ndoa tarehe 9 Novemba 1985, na shemeji yangu huyo, aliyekaa hapa mbele yetu, amenituma niseme kwamba ubishi wenyewe haujaisha na taa haijasogezwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kike mwaka 1987, wa kiume mwaka 1990, na kitinda mimba wa kike mwaka 1994, wapwa zangu, mliokua mkifanya kazi zenu za shule chini ya meza za ghala la picha.

Mwezi Aprili 1998 mvua kubwa ilibomoa sehemu ya paa la kumbi za mbele, na wafanyakazi wote, walinzi, wafagiaji, makarani, mkurugenzi mwenyewe akiwa amekunja suruali, walijipanga mstari na kupokezana picha kuzipeleka vyumba vya nyuma, hakikupotea kitu, ingawa picha moja kubwa ya turubai, ya wanawake watatu wakitoka kisimani, ililowa vibaya, nyuso zikafunikwa na ukungu. Wiki iliyofuata ilitangazwa kwamba makumbusho yatafungwa kwa muda usiojulikana, na kila mtu alijua kwamba bodi ya makumbusho ilikuwa ikilitamani jengo lile kwa ofisi, dada na shemeji wote wawili kazi yao ikiwa pale, watoto watatu nyumbani, na mdogo wa mwisho ana miaka minne.

Dada alimwendea mkurugenzi akamwomba wageni waingie kwa mlango wa nyuma, wapite ghala, chumba cha fremu na karakana, waone kazi zikikaushwa na kutengenezwa, na mkurugenzi akamwambia, "Mama Rangi, mgeni humpitishi jikoni kwako," naye akajibu, "Hawa si wageni, bosi, ni wenye nyumba ambao hatujawahi kuwaonyesha jiko lao." Mkurugenzi alijikuna kichwa, akauliza anahitaji nini, akaambiwa kamba, rangi nyeupe na ufunguo, na katika muda mfupi dada akachora njia sakafuni, akanyoosha kamba, akapanga picha zikiwa zimeegemezwa na migongo yake ikionekana, shemeji akashusha taa mpaka usawa wa mikono ya mafundi, na mama mmoja wa pale, anayetibu picha zilizoharibika, akawekewa meza katikati, akiwasafisha wale wanawake watatu mbele ya watu wote kwa pamba na subira.

Watu walikuja, wachache kwanza, kisha foleni ikazunguka ukuta, wengine walirudi kila wiki kuona kazi imefika wapi, na muuza mboga wa barabara ile, ambaye kwa miaka mingi alipita bila kuingia, akawa anachungulia mlangoni na kapu lake akiuliza, "Yule wa kushoto ameshapata uso?" Siku uso ulipoonekana alipiga vigelegele peke yake, na bodi iliyokuja kukagua jengo la kufunga ililazimika kusimama kwenye foleni, ikaachana na mpango wa ofisi, paa likajengwa, kumbi za mbele zikafunguliwa Machi 2000, na vyumba vya nyuma havijafungwa tena mpaka leo.

Marehemu alistaafu mwaka 2018, akaendelea kuitwa kushauri, mpaka Juni 2023 alipogundulika kuwa na saratani ya damu, akalazwa mara kadhaa, na hata wodini aliomba kitanda kigeuzwe kielekee dirishani, muuguzi akamwambia, "Bibi, hapa si makumbusho," kisha akakigeuza, na kabla ya jioni wagonjwa wengine nao wakaomba vyao vigeuzwe. Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Septemba 2024, mumewe amemshika mkono, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa kumhudumia kwa upole, majirani mliopika na kulala sakafuni pamoja nasi, na wafanyakazi wenzake wa makumbusho, ambao wiki mbili zilizopita walikwenda kumwambia kwamba wamekubaliana kuahirisha maonyesho ya michoro ya watoto wa shule mpaka apate nafuu, naye, sauti ikiwa imebaki ya kunong'ona, akawakatalia, "Msiahirishe kwa ajili yangu. Mtoto ukimwahidi Jumamosi, ni Jumamosi." Kwa hiyo tunawaarifu kwamba Jumamosi hii milango ya makumbusho itakuwa wazi kwa maonyesho ya watoto, na familia yake itakuwepo.

Dada yetu, umefanya kazi nzuri, pumzika sasa kwa amani.