Mgahawa Wenye Taa Hafifu

Fundi cherehani hakupanda basi ili asikilize ya watu, lakini dada na kaka waliokaa mbele yake walizozana kana kwamba wako sebuleni kwao.

Dada alitaka miaka sabini ya mama yao isherehekewe kwenye ule mgahawa wa kifahari wa Kihindi. "Mle ni nusu giza. Mkono wake ukitetemeka, nani ataona?"

"Dada, unamwonea haya mama."

"Namsitiri! Wakwe zangu watakuwepo. Na pale mtu anamega mkate, anachovya kwenye dengu. Hakuna kijiko cha kugonga sahani."

"Dengu zikimmwagikia, giza litamfulia gauni?"

Fundi, anayejua bizari inavyogoma kutoka kwenye nguo, kimoyomoyo alimpa kaka ushindi.

Kwenye simu ya dada ukaingia ujumbe wa sauti. Aliufungua bila kupunguza sauti, basi zima likamsikia mama:

"Wanangu, msigombane. Chagueni mnapopapenda. Mimi nitakuja nimeshakula."

Basi likasimama. Kondakta alikitaja kituo chao mara mbili, na hakuna aliyeinuka.